Kukaa au Kuondoka: Somo kwa Wakazi wa Kisiwa cha Mombasa

Wahenga wameacha mithali mbili ambazo zikiwekwa pamoja huonekana kama zagombana. Ya kwanza yasema, "Haraka haraka haina baraka." Ya pili yasema, "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Mtu akiambiwa kwamba hatari inakuja katika mji wake, mithali hizi mbili humjia kwa wakati mmoja. Moja yamwambia atulie nyumbani, na nyingine yamwambia afunge mlango na kwenda zake. Ni ipi ya kufuatwa?

Jawabu ni kwamba kila moja ni ya kweli katika siku yake. Ziko hatari ambazo mwenye kutoka nje huangamia na mwenye kukaa hupona. Ziko nyingine ambazo mwenye kukaa huangamia na mwenye kutoka hupona. Kazi ya mtu mwenye akili ni kuzijua hatari hizo mbali mbali kabla hazijafika, ili siku yenyewe asipoteze muda kwa kubishana. Somo hili laeleza jinsi mkazi wa Kisiwa cha Mombasa, na hasa wa Mji wa Kale, awezavyo kupima jambo hilo.

MAMBO MATATU YA KUPIMA

Kabla ya kuamua, mtu hana budi kujiuliza maswali matatu, na kuyauliza kwa utaratibu huu.

La kwanza: Ni hatari gani inayokuja? Maji ya bahari, upepo, mvua, moto na moshi havitendi kazi kwa namna moja. Ukuta unaomkinga mtu na upepo hauwezi kumwokoa na moto.

La pili: Nyumba imesimama mahali gani, na iko katika hali gani? Watu wawili wa mtaa mmoja waweza kupaswa kufanya mambo mawili tofauti, kwa sababu mmoja akaa chini karibu na gati, na mwingine akaa juu ya mwamba.

La tatu: Muda uliobaki watosha kwa njia inayokusudiwa? Safari ya dakika kumi ni njema ikiwa imebaki saa moja. Safari ya saa mbili ni mbaya ikiwa imebaki saa moja, hata kama mwisho wake ni mahali salama kabisa.

Mtu akiwa na majibu ya maswali haya matatu, uamuzi huja karibu wenyewe. Makosa mengi hutokea kwa sababu watu huanza na swali la nne, yaani, "Wenzangu wanafanya nini?"

SIKU YA BAHARI KUFURA

Mfano ulio mkubwa ni ule wa tarehe 26 Desemba 2004. Siku hiyo, saa kumi kasoro dakika moja alfajiri kwa saa za Afrika Mashariki, ardhi ilitetemeka chini ya bahari karibu na kisiwa cha Sumatra katika nchi ya Indonesia. Nguvu ya mtetemeko huo ilipimwa kuwa 9.1, nao ukasukuma maji na kufanya mawimbi ya namna iitwayo tsunami. Watu wapatao 230,000 walikufa katika nchi zinazopakana na Bahari ya Hindi.

Kutoka mahali palipotetemeka hadi Mombasa ni mwendo wa kilomita zaidi ya 6,000. Mawimbi yalichukua saa tisa hivi kuvuka bahari, maana yake yalikwenda karibu kilomita 700 kwa kila saa. Hiyo ni kasi ya ndege. Kule kwenye kilindi mabaharia hawayaoni, kwa kuwa humwinua mwenye chombo kidogo tu. Yanapofika kwenye maji haba hupunguza mwendo na kuinuka, na maji yote yaliyo nyuma yake huja yakisukumana.

Siku hiyo ilikuwa Jumapili, tena ya sikukuu, na fukwe za Mombasa zilikuwa zimejaa watu. Lakini saa tisa ni muda mrefu. Habari za maafa ya Asia zilitangulia kwa redio na televisheni, na polisi wakawaondoa watu ufukoni kabla maji hayajachafuka. Katika Kenya aliyeripotiwa kufa ni mtu mmoja. Katika Tanzania walikufa watu wapatao kumi, wengi wao wakiwa waliokuwa wakioga baharini. Katika Somalia, ambako onyo halikuwafikia watu wa pwani, walikufa watu wapatao 300, wengi katika rasi ya Hafun na vijiji vya jirani.

Yafaa ieleweke kwamba si onyo peke yake lililoikinga Mombasa. Mawimbi yalipofika maji yalikuwa hayajajaa, na tofauti ya maji ya kujaa na ya kupwa wakati wa bamvua kwenye pwani hii hupita mita tatu. Mwezi ulikuwa mpevu siku ile ile, na bamvua ilikuwa ya nguvu. Lau mawimbi yangalikuja saa chache baadaye, yangalipanda juu ya maji yaliyojaa. Kadhalika visiwa na miamba iliyomo katikati ya bahari iliyapunguza nguvu, na mwamba wa matumbawe ulio mbele ya fukwe ukayavunja. Mtu asihesabu bahati ya siku moja kuwa ahadi ya siku zote.

Jambo jingine la kukumbukwa ni kwamba tsunami si wimbi moja. Maji huja na kurudi mara nyingi, kwa muda wa saa nyingi, na mara nyingi wimbi la kwanza silo kubwa kuliko yote. Maji yakikimbia ghafula kuacha mwamba na mchanga wazi, ilhali si wakati wa kupwa, hiyo si nafasi ya kuokota samaki wala kombe. Ni onyo la mwisho. Mvuvi aijuaye saa ya maji yake hahitaji redio kumwambia kwamba bahari imekosa adabu.

KUONDOKA SI KUVUKA

Hapa ndipo penye kosa ambalo mtu wa kisiwani ni rahisi kulifanya. Akisikia neno "ondokeni," hudhani maana yake ni kutoka katika kisiwa. Moyo wake humpeleka kwenye feri ya Likoni, au kwenye Daraja la Nyali, au Makupa. Lakini yatazamwe maumbile ya kisiwa chenyewe.

Kisiwa cha Mombasa ni kidogo, ukubwa wake ni kilomita za mraba zipatazo 14. Kimefanywa kwa mwamba wa matumbawe wa zamani, ulioinuka juu ya bahari, na kando yake kwa sehemu nyingi ni genge, si ufuko wa mchanga. Wareno walipojenga Ngome ya Yesu kati ya mwaka 1593 na 1596 waliuweka msingi wake juu ya mwamba huo huo, penye mlango wa bandari. Mji wa Kale nao umekaa juu ya ukingo wa mwamba ule, ukitazama maji yaingiayo Tudor. Anayeshuka Bandari ya Kale, au ngazi za Leven, huona kwa miguu yake mwenyewe kwamba mji uko juu na maji yako chini.

Basi, mahali pa chini kabisa katika kisiwa ni pale watu wanapopanda vyombo: gati la feri, diko la wavuvi, bandari ya majahazi, na kingo za hori za maji upande wa Tudor na Makupa. Mwenye kukimbia wimbi kwa kwenda kwenye feri amekimbilia mdomo wa lile analolikimbia.

Tena njia za kutokea ni chache na nyembamba. Feri ya Likoni huvusha watu wapatao laki tatu kila siku katika siku za kawaida zisizo na hofu. Daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980 badala ya lile la kuelea la mwaka 1931, liko juu ya maji, bali hujaa magari kila asubuhi na jioni. Makupa palikuwa na tuta kwa miaka mingi, na tangu mwaka 2022 pana daraja. Milango hiyo yatosha mji unaokwenda kazini kwa zamu. Haitoshi mji mzima unaokimbia kwa saa moja.

Msongamano wenyewe ni maafa. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka asubuhi ikiwaleta watu kisiwani, na watu 272 wakafa maji. Hapakuwa na tufani wala wimbi siku ile. Palikuwa na chombo kilichopakia watu kupita kiasi, na pwani ilikuwa karibu kiasi cha kuonekana nyuso za waliosimama nchi kavu. Ikiwa haya yalitokea katika asubuhi ya kazi, mtu na afikiri yatakayotokea katika asubuhi ya hofu.

Kwa hiyo, kwa hatari ya bahari, sheria ya mtu wa kisiwani ni hii: asivuke, apande. Mkazi wa Bandari ya Kale au wa nyumba zilizo ukingoni mwa maji apande kuelekea Ndia Kuu, kisha aendelee ndani hadi uwanja wa Makadara au zaidi. Huo ni mwendo mfupi, hauhitaji gari, na hata mtoto wa madrasa huujua. Mkazi aliye tayari juu, katikati ya kisiwa, hana haja ya kwenda popote. Wajibu wake ni kukaa, kufungua mlango wake kwa wanaopanda kutoka chini, na kuacha njia wazi.

Wala asiwepo mtu wa kwenda kusimama barabara ya Mama Ngina au ukutani kwa Ngome ili atazame bahari inavyofanya. Genge ni refu, lakini wimbi halijatoa hati kwa mtu kwamba halitafika.

SIKU YA UPEPO

Katika hatari ya upepo mambo hugeuka. Tufani zenye kuzunguka, ziitwazo vimbunga, hazizaliwi karibu na Ikweta, kwa kuwa mzunguko wa dunia hapo hauna nguvu ya kuupinda upepo. Mombasa iko digrii 4 tu kusini ya Ikweta, na kwa sababu hiyo husalimika mara nyingi. Lakini "mara nyingi" si "daima," na majirani wa kusini hawakusalimika. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikavunja majahazi na merikebu za Sayyid Barghash na kung'oa mikarafuu mingi ya kisiwa, ilhali Pemba ikanusurika. Aprili 1952 kimbunga kiliingia Lindi na kuua watu. Mwezi wa Mei 2024 kimbunga kilichoitwa Hidaya kilifika karibu na Mafia tarehe 4, kikiwa kimeanza kupungua nguvu. Kabla hakijafika, watu wa pwani ya Kenya nao walionywa wasiende baharini.

Itaonekana kwamba miezi hiyo ni Aprili na Mei, wakati kaskazi imekwisha na kusi inaanza, na masika yamo njiani. Mwenye chombo na mwenye paa bovu wapaswa kuwa macho zaidi wakati huo.

Upepo ukija, mtu aliye barabarani ndiye aliye hatarini. Mabati huruka kama panga, minazi huanguka, nyaya za umeme hukatika na kulala majini. Nyumba ya mawe ya Mji wa Kale, yenye kuta nene za matumbawe na chokaa, ikiwa nzima, ni kinga njema. Afadhali mtu akae ndani, katika chumba cha chini kilicho mbali na madirisha na roshani, akiwa amefunga mbao za madirisha. Mwenye nyumba ya mabati au ya makuti asingoje upepo uanze, bali ahamie mapema kwa jirani mwenye nyumba imara. Huko ni kuondoka pia, ingawa ni kwa hatua hamsini tu.

Upepo ukinyamaza ghafula katikati ya kimbunga, mtu asitoke kushukuru. Kati ya kimbunga pana utulivu, na baada yake upepo hurudi kwa nguvu kutoka upande wa pili. Na wakaao ukingoni mwa maji wakumbuke kwamba kimbunga husukuma bahari juu ya nchi. Ikiwa kinakuja pamoja na bamvua, wao wapande juu kama ilivyoelezwa, lakini wapande kabla ya upepo, si wakati wa upepo.

SIKU YA MVUA

Mvua ni mgeni wa kila mwaka, na kwa hiyo watu humdharau. Hata hivyo mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilikata barabara ya kwenda Nairobi na kuleta kipindupindu, na zile za mwishoni mwa mwaka 2023 zilifurika mitaa ya Mombasa na kuwatoa watu majumbani mwao.

Katika Mji wa Kale hatari ya mvua si maji ya barabarani peke yake. Ni nyumba yenyewe. Kuta za matumbawe zilijengwa kwa chokaa, na sakafu za ghorofa na dari zikashikwa na boriti za mikoko. Jengo la namna hiyo lililotunzwa hudumu vizazi vingi. Lakini paa likivuja na lipu ikibanduka, maji huingia ndani ya ukuta, udongo na chokaa hulainika, na vichwa vya boriti vilivyomo ukutani huoza mahali ambapo jicho halioni. Ukuta huo hunywa maji siku kadhaa kimya kimya. Mara nyingine huanguka baada ya mvua kukatika, watu wakidhani hatari imepita.

Nyumba kuukuu hutoa dalili kabla ya kuanguka. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri waanza kukwama. Ufa wa zamani wapanuka, au ufa mpya watokea kwenye pembe. Unga wa chokaa wadondoka kutoka darini, na boriti zapinda au kulia usiku. Ukuta watokeza tumbo. Zikionekana dalili mbili au tatu pamoja, familia yapaswa kutoka siku ile ile, na kumjulisha mwenye nyumba na wakuu wa mji. Asiwepo wa kusema, "Nyumba hii alizaliwa humu babu yangu." Babu alikuta boriti mpya.

Kwa upande mwingine, mwenye nyumba imara asitoke kuvuka maji yaendayo kasi ili tu afike kwa ndugu. Maji ya kiwango cha magoti yaweza kumwangusha mtu mzima, na chini yake huenda pana mtaro ulio wazi. Huyo na akae, apandishe vitu vyake juu, na azime umeme.

SIKU YA MOTO NA MOSHI

Juu ya moto maneno ni machache, maana uamuzi ni mmoja tu. Vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba, na gari la zima-moto haliwezi kuingia katika vingi vyake. Mbao za roshani na boriti kavu hupokezana moto upesi. Nyumba ikishika moto, au nyumba ya ubavuni, watu watoke mara moja, waende upande unakotoka upepo, wasirudi kwa ajili ya sanduku.

Lakini moshi au hewa ya sumu kutoka mbali ni jambo jingine. Katika kisiwa hiki, huko Shimanzi, yako matangi ya mafuta. Pakitokea ajali ya namna hiyo na wakuu wakatangaza watu wajifungie, utiifu hapo ni kukaa: kufunga milango na madirisha, kuziba nyufa kwa nguo zilizolowa maji, na kusikiliza redio. Mwenye kutoka mbio huvuta kwa kifua kipana kile ambacho nyumba ingalimkinga nacho.

MWENYE KUKAA AKAE NA NINI

Kukaa si kuketi bure. Historia ya Mombasa inao ushahidi mkubwa wa jambo hili. Mwezi wa Machi 1696 majeshi ya Waarabu wa Omani yaliizingira Ngome ya Yesu. Wareno waliokuwa mjini, pamoja na watu wa pwani waliokuwa upande wao, waliingia ndani ya Ngome wakafunga malango. Kuta zile zilikuwa nene, wala hazikubomolewa. Hata hivyo maradhi na njaa viliingia bila kubisha hodi, na Ngome ilipotwaliwa Desemba 1698, baada ya miezi thelathini na mitatu, waliokutwa hai walikuwa wachache mno. Ukuta ni nusu ya kinga. Nusu nyingine ni maji, chakula na afya.

Mambo hayo hayajabadilika. Kisiwa cha Mombasa hakina mto. Maji yake ya kunywa huja kwa mabomba kutoka bara: kutoka chemchemi za Mzima zilizo mbali zaidi ya kilomita 200, na kutoka Baricho, Marere na Tiwi. Bomba likivunjika huko, mfereji hukauka huku, hata kama kisiwani halikuanguka jiwe. Vipo visima vya zamani katika Mji wa Kale, lakini maji yake huwa na chumvi, na baada ya mafuriko huchanganyika na maji machafu. Maji hayo yafaa kuoshea. Kuyanywa bila kuyachemsha na kuyatia dawa ni kumwita kipindupindu kwa jina lake.

Kwa hiyo anayeamua kukaa awe na maji safi ya siku tatu katika vyombo vyenye vifuniko, angalau lita nne kwa kila mtu kwa siku kwa kunywa na kupikia. Chakula kisichohitaji moto mwingi, kama tende, mkate mkavu na maharagwe ya kopo. Dawa za wagonjwa wa nyumbani. Tochi na redio yenye betri. Asiyekuwa na vitu hivi hajaamua kukaa. Amechelewa kuondoka tu.

Na anayeondoka awe na mkoba mmoja uliotengenezwa zamani: vitambulisho, hati za nyumba, fedha kidogo, dawa, maji, na nguo ya kujifunika. Mkoba huo ukae karibu na mlango, wala usibebwe na zaidi ya mtu mmoja. Mwingine amshike mtoto, na mwingine amshike mkono mzee.

NANI AAMUE?

Ichukuliwe nyumba moja ya Kibokoni. Baba yuko dukani Bondeni, kijana mkubwa amekwenda baharini, watoto wako chuoni. Nyumbani wamebaki mama na bibi kizee asiyeweza kushuka ngazi peke yake. Redio yatangaza kwamba bahari inakuja. Je, mama amngoje baba? Simu huenda zikakataa, kwa maana watu wote wanapiga kwa wakati mmoja. Baba akitoka Bondeni mbio kuja kumchukua mama, na mama akitoka mbio kwenda kuwachukua watoto, wote watakuwa barabarani, kila mmoja akimtafuta mwenziwe.

Dawa ya mkanganyiko huo ni mazungumzo ya jioni moja, siku ya amani. Baba na aseme mbele ya wote: "Aliye nyumbani siku hiyo ndiye mkubwa wa nyumba. Mama watoto, usingoje ruhusa yangu." Wakubaliane mahali pa kukutana, na mahali hapo pawe juu, ndani ya kisiwa. Wamwulize mwalimu wa skuli na wa chuo watoto watapelekwa wapi, ili mzazi asishuke chini kumfuata mtoto aliyekwisha kupandishwa juu. Na kwa habari ya bibi, watajwe kwa majina vijana wawili wa jirani watakaombeba kitini. Mzee wa namna hii mara nyingi husema, "Niacheni, wanangu, mimi nimekwisha kula chumvi nyingi." Maneno hayo ni ya huruma kwa wengine, wala hayapaswi kukubaliwa. Aambiwe, "Bibi, huendi mbali, tunakupeleka Makadara tu." Atakubali upesi safari ya karibu kuliko safari ya kuvuka bara, na hiyo ni faida nyingine ya kupanda badala ya kuvuka.

ONYO LISILOTIMIA

Tarehe 11 Aprili 2012 ardhi ilitetemeka tena karibu na Sumatra kwa nguvu ya 8.6, na onyo likatolewa katika Bahari ya Hindi yote, Kenya ikiwemo. Saa chache baadaye likaondolewa, kwa kuwa wimbi kubwa halikutokea. Je, walioonya walisema uongo? La. Safari ile miamba ya chini ya bahari ilitelezeana kwa ubavu badala ya kuinuka, na hivyo haikuyainua maji sana. Hilo halikuweza kujulikana kwa hakika mpaka vipimo vya baharini vilipoleta habari.

Baada ya maafa ya 2004 mataifa ya Bahari ya Hindi yaliunda utaratibu wa kuonyana, na katika Kenya kazi ya kupokea maonyo hayo ni ya Idara ya Hali ya Hewa. Onyo lao ni kama adhana: aliyeitwa huinuka kwanza. Mtu aliyepanda Makadara mara tatu na kurudi salama mara tatu hakupoteza kitu ila jasho, tena amejifunza njia. Aliyechoka mara ya tatu akabaki chini, yeye ndiye aliyeweka roho yake rehani. Na aliyepanda asishuke kwa uvumi wa mtaani, bali angoje mpaka wakuu watangaze kwamba hatari imekwisha.

Sasa mithali zile mbili zaweza kupatanishwa. Haraka isiyokuwa na baraka ni haraka ya mtu asiyejua aendako. Kungoja kunakoumiza matumbo ni kungoja kwa mtu ambaye hakufikiri mapema. Aliyeyapima mambo matatu siku ya amani aweza kukaa bila woga au kuondoka bila fujo, kama siku itakavyomtaka.

MASWALI YA KUJIBU NYUMBANI

1. Nyumba yako iko juu ya mwamba au karibu na maji? Ni nyumba gani ya jirani iliyo imara kuliko yako?
2. Kwa nini gati la feri si mahali pa kukimbilia siku ya hatari ya bahari?
3. Taja dalili nne za nyumba ya mawe iliyo karibu kuanguka. Je, iko yoyote katika nyumba yako?
4. Mfereji ukikauka leo, nyumba yako ina maji safi ya siku ngapi?
5. Ni nani katika mtaa wako asiyeweza kutembea peke yake, na ni nani watakaombeba?